Ukuta wa LED wa P1.8 kwa studio ya kipindi cha asubuhi: unafaa, ila chumba ndicho kinachoamua

Kituo kikitaka kubadilisha sura ya kipindi chake cha habari za asubuhi, kitu cha kwanza kutajwa kikaoni siku hizi ni ukuta wa LED. Bango la nyuma limepauka, runinga zilizoning'inizwa nyuma ya watangazaji kila moja ina rangi yake, na mwongozaji anataka mandhari anayoweza kuibadilisha kati ya habari, michezo na mazungumzo ya wageni. Tathmini hii inahusu aina moja tu ya paneli: kabineti ya alumini (kipande kimoja cha ukuta, chenye fremu na paneli zake) yenye upana wa milimita 600 na kimo cha milimita 337.5, na umbali wa milimita 1.875 kati ya pikseli moja na nyingine. Madukani huitwa P1.8. Ukuta tunaoupima ni wa kabineti 36, sita kwa sita.

Tunaipendekeza, kwa sharti kwamba studio ina kina cha kutosha na bajeti imetengewa taa. Palipokosekana kimojawapo, paneli hizi huharibu picha kuliko bango la zamani lililochapishwa vizuri.

Idadi ya sita kwa sita ina sababu yake. Kila kabineti ina pikseli 320 kwa 180, hivyo ukuta mzima unapata 1920 kwa 1080 kamili, katika upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.025. Picha inayotoka kwenye kompyuta ya michoro inatua pikseli juu ya pikseli bila kunyooshwa wala kubanwa. Vituo hupenda kuongeza safu moja ya kabineti pembeni ili ukuta uonekane mpana. Ukifanya hivyo bila kutengeneza upya michoro yote kwa kipimo kipya, prosesa, yaani kifaa kinachopokea picha na kuigawa kwa kabineti, italazimika kuinyoosha picha, na kitu cha kwanza kuharibika ni herufi: kingo zake zinakuwa na ukungu ambao hakuna fundi atakayeuondoa.

Wauzaji watakushawishi upande hadi P1.25, yenye milimita 1.25 kati ya pikseli. Ni nzuri zaidi, hilo halina ubishi, lakini ina pikseli mara 2.25 zaidi katika eneo lilelile, na bei huufuata wingi huo. Kwa mtangazaji anayekaa mita mbili na nusu mbele ya ukuta, kamera ikiwa imemlenga yeye, tofauti hiyo karibu haionekani hewani. Fedha hizo zipeleke kwenye taa.

Mwanga ndio unaoharibu ukuta mwingi. Paneli za ndani za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na mng'ao wa niti 600 hadi 800 (niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye uso wa kitu). Sasa tazama upande wa pili: karatasi nyeupe iliyowekwa chini ya taa za studio zenye lux 700 (kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu) inarudisha niti kama 200 tu. Ngozi nyeusi inarudisha chini sana ya hapo. Maana yake ni kwamba ukuta ukiachwa kama ulivyokuja, sehemu yake nyeupe inang'aa mara tatu hadi nne ya karatasi iliyoko mkononi mwa mtangazaji. Mpigapicha anafunga lenzi, yaani anapunguza mwanga unaoingia, ili ukuta usiwe weupe mtupu kwenye picha, na uso wa mtangazaji unazama gizani. Kisha watu wanalaumu kamera, au wanamwongezea mtangazaji poda. Dawa ni kushusha ukuta hadi asilimia 25 au 30 ya mng'ao wake. Mwambie mtu akae kwenye kiti cha mtangazaji, ashike karatasi nyeupe ya A4 karibu na shavu, kisha onyesha weupe mtupu ukutani. Tazama kipimo cha mwanga cha kamera: ukuta usiipite karatasi.

Hapo ndipo paneli nzuri hutengana na mbaya. Ukishusha mng'ao, paneli ya bei rahisi inapoteza ngazi za kijivu, na rangi inayofifia taratibu inageuka ngazi zinazoonekana waziwazi. Picha inayoumbua kasoro hii haraka kuliko zote ni ile ambayo kila kipindi cha asubuhi kinaipenda: macheo, anga la machungwa linaloyeyuka kuwa samawati. Kwenye paneli dhaifu anga hilo linakuwa mikanda mikanda. Kwa hiyo usikubali onyesho la muuzaji la video ya maua na samaki kwa mng'ao kamili. Mwambie ashushe hadi asilimia 25, kisha aonyeshe picha inayotoka kwenye weusi mtupu kwenda kwenye kijivu cha asilimia 20. Ikipanda laini, endelea na mazungumzo ya bei.

Joto la rangi nalo lina mtego wake. Ukuta ukiwashwa mara ya kwanza weupe wake mara nyingi huwa wa Kelvini 6500 au zaidi, ilhali taa za studio na kamera zimewekwa 5600. Matokeo yake ni mandhari ya nyuma yenye ubuluu, na nembo ya kituo inayobadilika rangi kila mwongozaji akibadili kamera. Rekebisha ukuta ufuate taa. Kubadilisha kamera ili zifuate ukuta kunaharibu ngozi za watu.

Kuhusu mawimbi yanayotambaa kwenye picha, yale yanayofanana na maji juu ya kitambaa cha hariri: hutokea pale gridi ya pikseli za ukuta inapokutana na gridi ya sensa ya kamera, na hayaondoki kwa kununua ukuta ghali. Yanaondolewa na umbali na fokasi. Kiti cha mtangazaji kiwe mita 2.5 kutoka ukutani, na mita 2 iwe ndiyo mwisho wa kusogea. Lenzi ifunguliwe hadi f/2.8 au f/4, na kama mwanga umezidi, tumia kichujio cha kijivu cha kamera badala ya kufunga lenzi. Ukuta ukitoka kidogo kwenye fokasi, mawimbi yanakufa. Vituo vinavyotumia kamera ndogo za roboti vina kazi ngumu zaidi, maana sensa ndogo huweka kila kitu kwenye fokasi, mtangazaji na ukuta pamoja. Kwa kamera hizo ongeza umbali hadi mita 3, ziweke mbali na utumie sehemu ndefu ya zumu.

Usisahau kuwa taa kuu haitakiwi kuugusa ukuta. Ipandishe juu, nyuzi 40 hivi kutoka usawa wa macho, ili mwanga unaompita mtangazaji uangukie sakafuni kabla haujaufikia ukuta. Mwanga ukiupiga ukuta, weusi wake unakuwa kijivu na picha nzima inapoteza uhai. Taa ya mabega ifungwe juu ya ukuta, itazame chini.

Sehemu ambayo P1.8 inatusumbua ni usomaji wa magazeti, na kwa vipindi vyetu hili si jambo dogo. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi anategemea kuona kurasa za mbele za Mwananchi, Nipashe au Taifa Leo kabla hajatoka nyumbani. Ukurasa wa gazeti umesimama, ukuta umelala. Ukiuweka ukurasa mzima, unapata pikseli 1080 za kimo na takriban 760 za upana. Kichwa kikuu kinasomeka, vichwa vidogo vinakuwa vumbi. Kamera ikisogea ili mtazamaji asome, fokasi inahamia ukutani na yale mawimbi yanarudi. Njia inayofanya kazi ni kukata ukurasa: weka upande mmoja ukurasa mzima mdogo ili watu walitambue gazeti, na upande wa pili kichwa cha habari kimoja kilichokuzwa, chenye herufi zisizopungua pikseli 60 kwa kimo. Mtangazaji akianza kusoma kwa kina, mwongozaji apeleke picha hiyohiyo moja kwa moja hewani kutoka kwenye kompyuta, bila kupita kwenye kamera. Kumbuka pia kushusha mng'ao wa kurasa zenyewe: ukurasa mweupe unaotokea ghafla nyuma ya mtu humfanya aonekane kivuli.

Upande wa mitambo, kazi ni nyepesi ukiipanga mapema. Kebo moja ya mtandao kutoka kwenye prosesa hubeba takriban pikseli 650,000 kwa picha 60 kwa sekunde. Ukuta huu una pikseli 2,073,600, hivyo zinahitajika kebo nne, kila moja ikihudumia kabineti tisa. Nunua prosesa yenye milango minane au zaidi ili kila mnyororo wa kabineti tisa urudishiwe kebo ya pili upande wa mwisho. Kebo ikichomoka saa 12:30 asubuhi, picha inaendelea na hakuna anayejua. Bila kebo hiyo ya akiba, kabineti zote zinazofuata baada ya hitilafu zinakuwa nyeusi.

Umeme wetu na kamera zetu ni vya Hz 50. Kompyuta nyingi za michoro huja zikiwa Hz 60, na hakuna anayezigusa. Matokeo yake ni maandishi yanayopita ukutani yakigugumia. Weka kompyuta 1080p50 (picha 50 kwa sekunde), shata ya kamera (muda wa kupokea mwanga kwa kila picha) 1/50, na prosesa ipokee ishara ileile ya ulinganifu inayoongoza kamera. Sharti la kuandika kwenye mkataba ni kasi ya kuonyesha upya, yaani mara ambazo ukuta huchora picha upya kwa sekunde, ya Hz 3,840. Paneli za Hz 1,920 huacha mistari myeusi kwenye kamera mara tu shata inapopandishwa.

Eneo la ukuta ni mita za mraba 7.29. Paneli za kundi hili huandikiwa wati 400 hadi 600 kwa mita ya mraba zikiwa nyeupe kabisa, hivyo ubao wa umeme uandaliwe kwa kilowati 4.5, ingawa kwa mng'ao wa asilimia 30 utatumia sehemu ndogo tu ya hapo. Tatizo ni sekunde ya kuwasha: vifaa vya umeme vya kabineti 36 vikivuta kwa pamoja, swichi inakatika. Gawa saketi tatu na uziwashe kwa zamu. Weka stabilaiza, na UPS kwa prosesa na kompyuta hata kama jenereta ipo.

Fremu ndiyo inayoamua kama mishono itaonekana. Kwa pikseli za umbali huu, kabineti iliyokaa vibaya kwa sehemu ndogo ya milimita inaacha mstari mweusi au mweupe unaokata bega la mtangazaji. Safu ya chini ipimwe kwa leza hadi iwe sawa kabisa kabla ya kupandisha ya pili. Kosa la chini halirekebishiki juu. Kinachobaki kinapunguzwa kwenye programu ya prosesa, mshono kwa mshono, na kazi hiyo ifanywe kwa mng'ao utakaotumika hewani.

Moduli, yaani vibao vyenye taa za LED vinavyobandikwa mbele ya kabineti, kwa kawaida ni nne kwa kila kabineti, yaani 144, na hutolewa kwa mbele kwa kifaa cha sumaku. Taa ndogo za LED za pembeni mwa moduli hung'oka kwa kuguswa tu, hivyo fundi avae glavu na asiegemeze moduli kwenye kona. Agiza moduli nane za akiba, kadi mbili za kupokea picha na vifaa vitatu vya umeme, vyote kutoka katika mzigo uleule wa kiwanda. Moduli ya mzigo mwingine itaonekana kama kiraka maisha yake yote.

Kwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, unyevu ni adui wa kweli. Ukuta usikae wiki nzima umezimwa. Kipindi kikiwa likizoni, uwashwe mara kwa mara kwa saa kadhaa, ukianza na mng'ao mdogo ili unyevu utoke polepole. Kuuwasha kwa nguvu zote baada ya kukaa muda mrefu huua taa za LED kwa makundi.

Hesabu ya chumba ni hii: sentimita 60 nyuma ya ukuta kwa hewa na kebo, mita 2.5 hadi kiti, mita 3.5 hadi kamera, na nafasi ya mpigapicha kusimama. Ni kama mita saba na nusu. Mwenye studio ya mita tano asinunue. Skrini tisa za LCD za inchi 55, tatu kwa tatu, zinampa karibu ukubwa uleule, mita 3.63 kwa 2.04, bila mawimbi ya gridi ya LED, na maandishi ya magazeti yanakaa makali zaidi. Atavumilia mistari ya milimita 3.5 kati ya skrini, na ayapange makochi ili hakuna mstari unaotoka kichwani mwa mgeni.