Orki wa inchi saba: sanamu nzuri, rangi ya kiwandani ya hovyo

Nianze na hukumu, maana wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni. Sanamu yenyewe ni nzuri. Rangi iliyokuja nayo ni ya hovyo. Na kama unakaa pwani hii yetu ya kusini, mafunzo mengi ya mtandaoni kuhusu kupaka sanamu yatakupotosha, kwa sababu wanaoyatoa wanaishi kwenye baridi.

Ninayemzungumzia ni orki, lile zimwi la kijani la hadithi za kubuni: taya pana, meno mawili ya chini yamechomoza nje ya midomo, deraya ya mabamba kifuani, shoka mkono mmoja na upanga mwingine. Jina la kampuni nalihifadhi kwa kuwa nina malalamiko. Mfumo wake, hata hivyo, ni ule uliopata mashabiki wengi kupitia Mythic Legions, sanamu za studio ya Four Horsemen ya Marekani zilizoanza kwa kuchangiwa fedha na mashabiki kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2015. Kichwa, mikono, miguu na deraya vyote vinachomoka, na kipande cha sanamu moja kinaweza kuvaliwa na nyingine. Kwa mtu anayetaka kutengeneza orki wake mwenyewe, hapo ndipo penye utamu.

Kuhusu gharama, bei unayoiona dukani ni mwanzo tu. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, halafu nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara. Jumla yake nyumbani kwangu bado ni siri ya serikali.

Nilipofungua boksi, uchongaji ulinifurahisha: mikunjo ya paji la uso, kovu kwenye pua, mishipa ya mikono, hata misumari ya mkanda inahesabika. Lakini ngozi yote, kuanzia utosini hadi kwenye vidole, ilikuwa kijani kimoja kisicho na kivuli. Chuma kilimeta kama sufuria mpya. Jicho la kushoto lilikuwa limepakwa nusu ndani, nusu shavuni.

Nilimwonyesha mzee mmoja wa hapa mjini, mchongaji wa Kimakonde ambaye maisha yake yote ameyamalizia kwenye mpingo na mashetani yake. Baada ya shikamoo nikamkabidhi. Aligeuza, akachungulia kwapani, akakipitisha kidole kwenye taya.

"Mjukuu wangu, aliyelichonga hili zimwi anajua kazi," akasema. "Aliyelipaka ndiye kalifukia."

Akanisogeza dirishani na kinyago chake ambacho hakijamalizika. Kwenye mpingo hakuna rangi ya kumsaidia mtu. Macho, mdomo na mbavu vinaonekana kwa sababu patasi imeingia ndani pakawa na giza, na pale palipoachwa juu mwanga unapiga. "Wewe patasi huna, basi chimba kwa rangi." Nimeangalia video nyingi za kupaka sanamu, hakuna iliyonieleza jambo hili kwa ufupi hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Viungo vya plastiki laini havitaki ubabe. Chovya bega au paja kwenye maji ya moto, subiri kidogo, kisha vuta huku unazungusha. Ukilazimisha plastiki ikiwa baridi, kijiti cha ndani kinakatika. Vipande vyote vioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani kuondoa mafuta ya kiwandani, la sivyo rangi itateleza. Halafu piga msasa laini sehemu zinazosuguana ndani ya viungo. Ukiacha nafasi hata ya unene wa karatasi, rangi ya juu haitabanduka kila ukimkunja goti.

Kuhusu sprei, duka la vifaa vya ujenzi litakuuzia kopo la rangi ya mafuta na kukuhakikishia inashika kila kitu. Kwenye bati, sawa. Kwenye PVC laini, yaani plastiki ya sanamu kama hii, vimiminika vilivyomo kwenye rangi hiyo huchanganyikana na vile vinavyoilainisha plastiki, na rangi inabaki inanata. Nilijaribu kwenye mkono wa akiba uliokuja ndani ya boksi, na mkono huo mpaka leo unaokota vumbi. Tumia rangi ya akriliki ya maji, ipakwe kwa brashi, tabaka nyembamba nyembamba.

Mimi nilichukua chupa chache za Vallejo ya Hispania, zile zenye mdomo wa kudondoshea. Chembe zake ni laini sana, na usoni tofauti inaonekana. Akriliki za shule zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi si mbaya kwa ngozi ya mkanda, viatu na mpini wa shoka. Usoni ziache, zinaacha chengachenga.

Shida kubwa ya huku ni joto. Rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye pua ya orki. Dawa yake ni rahisi: chukua kopo bapa lenye kifuniko, tandika sponji iliyoloa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na rangi uchanganyie hapo. Unyevu unapanda taratibu, rangi inabaki hai mchana mzima. Bila kopo hili ningeshauri upake usiku tu, na usiku umeme ukikatika utapaka nini?

Ngozi nilianza na kijani cha giza karibu na cheusi, kikaingia kila mkunjo. Kisha kijani cha kati juu ya misuli, nikikwepa mashimo. Kwenye ncha za pua, nyusi, vifundo vya vidole na juu ya mabega nikaongeza njano kidogo kwenye kijani. Njano, si nyeupe. Nyeupe inamfanya aonekane amepakwa chokaa. Midomoni na kuzunguka kovu nikagusa zambarau hafifu, maana kiumbe chenye damu hakiwezi kuwa na rangi moja. Meno yanaanza na kahawia kwenye fizi, yanakwenda yakififia hadi rangi ya mfupa nchani. Macho nilipaka cheusi kwanza, halafu njano, halafu doa la mboni kwa ncha ya kijiti cha meno.

Deraya ndiyo niliyoifaidi zaidi. Sisi tunaoishi kwenye hewa ya chumvi hatuhitaji picha ya kutu ya kuigiza. Tembea Shangani au Mikindani uangalie mageti na mabati: kutu huanzia kwenye misumari na pembe, inashuka kufuata njia ya maji, katikati ni ya giza na pembeni ni ya machungwa. Nilipaka mabamba cheusi, nikapitisha fedha kwa brashi iliyokaribia kukauka ili ishike kingo tu, kisha nikadonoa kahawia na rangi ya machungwa kwa kipande cha sponji ya godoro. Manyoya ya mabegani ni usumba wa makumbi ya nazi, umechambuliwa na kubandikwa kwa gundi. Chini ya mkanda kuna kipande cha chandarua kilichopakwa fedha, na kwa mbali kinaonekana ni nguo ya minyororo.

Kuna jamaa alinishauri nipake ngozi ya mkanda kwa mafuta ya maganda ya korosho ili iwe ya kizamani. Aliyewahi kubangua korosho kwa mikono anajua mafuta yale yanavyounguza. Nikamshukuru, nikatumia akriliki ya kahawia.

Vanishi iwe isiyong'aa, na uipake wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kama Januari au Machi, vanishi ya sprei inaweza kuganda ikiwa na ukungu mweupe na kuharibu kila ulichofanya. Ya brashi haina sana tabia hiyo.

Malalamiko yangu kwa kampuni ni mawili. Upanga ni laini mno. Umepinda ndani ya boksi, maji ya moto yanaunyoosha, na joto la kabatini linaupinda tena. Na viganja vimetengenezwa kwa mpini mmoja tu, kwa hiyo shoka linashikika, mkuki wa sanamu nyingine hauingii. Kwa fedha ile, nilitegemea angalau viganja viwili tofauti.

Hata hivyo ningemnunua tena. Nimeshaagiza kichwa cha pili kutoka kwa muuzaji mwingine, na hapa mnaofikiria kununua muwe macho: vijiti vya shingo havilingani unene hata kwa sanamu zinazoitwa za kipimo kimoja. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akupigie picha ya shingo ikiwa haina kichwa, na rula kando yake.