Ndege ndogo hadi Kilwa: bora ningewasha gari

Nilidhani hasira hizi zitapoa. Wapi!

Tulikodi ndege ndogo ya viti sita kutoka Dar hadi Kilwa Masoko, familia tukachangishana, kwa kuwa mama mkwe magoti yanamsumbua na ilibidi awahi hitima ya kaka yake. Kwa gari ni kilomita 300 na ushee, na hapo bado hujatoka kwenye foleni ya Mbagala.

Kufika uwanjani, kijana wa kampuni akaweka mizani pale kaunta, watu wote wanaona. Kupimwa sina neno nako. Kwenye ndege za aina hiyo watu, mizigo na mafuta vinagawana uzito mmoja, rubani akikosea hesabu mnakwisha wote. Lakini mama yumo ndani ya buibui lake, kashika ukingo wa kaunta asianguke, kijana anainama kusoma mshale, kisha anampigia kelele mwenzake aliye mlangoni: "Huyu bibi kilo tisini na nne! Begi moja libaki!"

Mbele yangu mimi, mkwewe! Niligeukia ukutani. Mama akasema taratibu, "Mwanangu, si ungeninong'oneza tu." Kijana hata hakumtazama, ameshabeba begi. Na ndilo lenye kanga za wafiwa.

Haki ya Mungu, angani raha. Mto Rufiji unavyotawanyika kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini, hata mama aliniita nione. Kama saa moja hivi tukawa chini. Kwa gari muda huo Daraja la Mkapa bado unalisikia tu. Tena mwaka 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga na magari yakakwama huku na huku, mwenye ndege alikuwa mfalme. Kwa hiyo ndege inalishinda gari, ningeishia hapo.

Ila begi sasa! Tuliahidiwa litafuata jioni. Jioni wakapiga simu: wingu zito, rubani anaruka kwa macho, hawezi kutua gizani. Sawa, usalama kwanza. Kesho yake simu zetu hazipokelewi. Ikabidi shemeji aende uwanjani, alichukue, amkabidhi kondakta wa basi, likashushwa Nangurukuru hitima imeshapita. Yule kondakta alipiga simu mwenyewe, akaomba aongee na mama, akamwamkia shikamoo, akampa pole ya msiba. Nauli ya mzigo ule haifiki hata bei ya soda walizotugawia ndani ya ndege.

Wanashindwa nini kuweka pazia? Wanashindwa nini kuandika namba kwenye karatasi wakampa rubani?

Mgonjwa mahututi mpandisheni ndege, sibishi. Mzazi wako mpeleke kwa gari, simama kila anapotaka kunyoosha miguu. Mama alikataa katakata kurudi na ndege ile, na pesa ya safari ya kurudi, tuliyolipa yote mapema, mpaka leo hawajaturudishia.