Pacific Rim: kama unapenda midude mikubwa, hii usiionee kwenye simu

Mi ni mtu wa muvi za midude toka mdogo, majoka, manyani makubwa, maroboti, yote naangalia, na nikisema hii Pacific Rim ya Guillermo del Toro ya 2013 ndo bora kuliko zote za maroboti nilizowahi kuona sisemi tu kwa ushabiki. Kila siku nakutana na watu wanaiweka kapu moja na zile za magari yanayojigeuza, wanasema aah si maroboti tu yanapigana. Hapana aisee, mniache niwaelezee.

Stori kwa ambaye hajaiona: chini ya bahari ya Pasifiki kumefunguka ufa, ni mlango wa dunia nyingine, na humo yanatoka madubwana yanaitwa kaiju, la kwanza linaivuruga San Francisco, mabomu na ndege za kivita zinahangaika siku kadhaa ndo linakufa, afu baada ya muda linakuja lingine, na lingine. Mataifa yanaungana yanatengeneza maroboti makubwa yanaitwa jaeger, humo ndani kuna watu wanayaendesha. Basi, stori ndo hiyo, ukimsimulia mtu kwenye daladala kabla ya kituo cha pili umeshamaliza. Utamu wa hii muvi hauko kwenye stori.

Utamu uko kwenye UZITO. Gipsy Danger, roboti la steringi, lina urefu wa karibu mita 80, yani zaidi ya ghorofa 20, na muvi haikuachi usahau hilo hata kidogo. Likitaka kupiga ngumi unaona kwanza bega linazunguka, maji yanamwagika toka kwenye mkono, injini ya kiwikoni inawaka moto ndo ngumi inaondoka, na ikitua inatua kweli. Halina haraka. Muvi nyingi za siku hizi midude inaruka sarakasi na kukimbia mpaka unaona kabisa hapa ni kompyuta tu inachora, hakuna kitu kizito pale. Hapa efekti walifanya kampuni ya Industrial Light & Magic na ukiangalia matone ya mvua yanavyoteleza kwenye chuma, kutu, mikwaruzo ya mapigano ya zamani, unajua watu walikaa chini wakafikiria. Na kile chumba cha marubani kichwani mwa roboti walikijenga kweli studio kule Toronto, kikawekwa juu ya mitambo ya kukitikisa na waigizaji wakafungwa humo ndani, kwa hiyo ukiona Charlie Hunnam na Rinko Kikuchi wanahema pale jua ile siyo ya kuigiza tu.

Pambano la Hong Kong ndo lenyewe. Makaiju mawili yanakuja kwa mpigo, Otachi na Leatherback, roboti la Wachina na la Warusi yanamalizwa, la Waaustralia linazimwa umeme lote linabaki limesimama baharini, ndo Gipsy Danger linaletwa linaninginizwa na mahelikopta, linaanza kupigana bandarini kule na makontena, afu linaingia mtaani linaburuza MELI mkononi, meli ya mizigo nzima, linaitumia kama rungu, jamani mi hapo huwa nasimama. Na katikati ya fujo yote del Toro anaingiza kitu kidogo sana: ngumi inapasua ofisi, inavunja meza na kuta, inafika mwisho wa nguvu yake kwenye meza ya mtu na kugusa zile gololi za chuma zinazoning'inia, zinaanza kugongana taratibu tik tik. Kile kipande kidogo kimenifanya nimheshimu huyu mzee, maana bila hicho usingejua ile ngumi ni kubwa kiasi gani.

Kingine ambacho wengi wanakiruka ni kwamba roboti moja linaendeshwa na watu wawili, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa mno kwa ubongo wa mtu mmoja, kwa hiyo wanaunganishwa akili, kumbukumbu zako zote mwenzako anaziona, za aibu, za msiba, zote. Ndo maana marubani ni ndugu, baba na mwanae, mke na mume. Raleigh, ndo rubani steringi anayechezwa na Hunnam, anampoteza kaka yake mwanzoni kabisa, wakiwa wameunganishwa, anamsikia anavyokufa. Afu anakuja Mako, rubani mwenzake mpya, ndo Kikuchi huyo, na ile kumbukumbu yake ya utotoni Tokyo, mtoto peke yake barabarani, kiatu chekundu mkononi, analia huku lidude linamfuata. Yule mtoto Mana Ashida aliigiza mpaka inauma, kama una watoto wadogo hapo kaa nao karibu. Na nilipenda kwamba Raleigh na Mako hawakulazimishwa mapenzi, mwisho wanakumbatiana wanagusanisha vipaji vya uso, inatosha kabisa.

Idris Elba ndo bosi wa wote, Pentecost. Baba yake mtu wa Sierra Leone, mama wa Ghana, na kumuona anasimama mbele ya kikosi chake chote anawaambia watu leo kiama tunakifuta, mi damu inachemka kila nikiangalia.

Sasa yasiyonifurahisha. Hunnam kama steringi ni wa kawaida sana, Mako anamfunika. Lile la Warusi, Cherno Alpha, na lile la Wachina lenye mikono mitatu wameyatoa mapema mno, unayapenda tu yanakufa. Na ule upanga! Gipsy lina upanga muda wote, linapigwa, linaburuzwa, mpaka limebebwa juu mawinguni ndo Mako anautoa. Swali hilo kila niliyeangalia naye ameuliza na jibu sina.

Kingine, mapambano karibu yote ni usiku, mvua au chini ya maji. Ndo maana nasema msiionee kwenye simu. Mara ya kwanza niliionea banda la video, iliyotafsiriwa, watafsiri wetu nawapenda sana na muvi za ngumi bila wao hazinogi, ila hii sauti yake inataka ikae yenyewe, ile gitaa ya muziki wa Ramin Djawadi ikiingia isifunikwe na mtu. Na kopi yenyewe ilikuwa nyeusi tii, unaona cheche tu. Baadae binamu yangu akapata projekta, tukaangalia ukutani na sabufa pembeni, nikaona kama ni muvi nyingine kabisa. Tafuteni kopi safi, zimeni taa, mtenge saa 2 na dakika kama 10.

Bajeti inatajwa dola kama milioni 190, na China ilishangilia na kulipa kuliko hata Marekani yenyewe, ndo tukapata ya pili 2018. Ile ya pili del Toro hakuiongoza, mapambano ni mchana kweupe, unaona kila kitu ila maroboti yamekuwa mepesi, na walichomfanyia Mako sikupenda kabisa. Angalieni ya kwanza.

Na msizime majina yakianza kupita, kuna kipande cha Hannibal Chau, yule anayeuza viungo vya makaiju kwa magendo, humo katikati, na mwisho wake kabisa utaona muvi imetolewa kwa kumbukumbu ya Ray Harryhausen, fundi wa efekti za midude ya muvi za zamani, na Ishiro Honda, huyo Honda ndo aliongoza Godzilla ya kwanza ya 1954, atakayeipata yenye maandishi ya Kiingereza chini anicheki, nataka niiangalie hiyo sasa.