Toyota Passo ya cc 996 kwa mwenye makato ya mkopo

Kwa mtu ambaye mshahara wake unaingia benki ukiwa umeshapitiwa na bodi ya mikopo pamoja na benki yenyewe, Passo ya cc 996 ndiyo mtumba tunaoupendekeza kabla ya IST na kabla ya Vitz. Starehe haina. Kelele ya lami inaingia ndani, na ukipanda mlima Kitonga na abiria wanne, lori la nyuma litakukaribia kwenye kioo. Inachotushawishi ni kwamba magonjwa yake mengi huja kwa bili ndogo, na bili ndogo ndizo pekee mwenye madeni anazoweza kuzikabili.

Hesabu ifanyike kabla ya kwenda kuliona gari. Mchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000. PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) asilimia 5 ni 60,000, kodi ya mshahara 170,000, bima ya afya 36,000, HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ni 180,000. Akiwa na mkopo wa benki wa 300,000 kwa mwezi, anabaki na 454,000. Kisheria yuko salama, kwa kuwa theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 400,000, haijaguswa. Lakini kodi ya nyumba haijui hiyo theluthi.

Sasa gari. Kilomita 30 kwa siku, siku 24, ni kilomita 720. Kwenye foleni za Dar es Salaam usiitegemee Passo kwa zaidi ya kilomita 13 kwa lita, hata kama muuzaji anakutajia 20 na ushee. Hizo ni lita 55 na kidogo. Kwa bei ya 3,000 ni kama 166,000. (EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, weka bei ya siku hiyo.) Bima ndogo ya 118,000 kwa mwaka ni karibu 10,000 kwa mwezi. Tenga 60,000 za oili, matairi na spea. Jumla 236,000, zaidi ya nusu ya kilichobaki. IST ya cc 1,500 inayokula lita moja kwa kilomita 10 itaongeza mafuta ya 50,000 hivi. Kwa hiyo linganisha 236,000 na nauli za daladala, bajaji na bodaboda unazolipa sasa. Kama nauli hazifiki hata nusu yake, subiri mkopo uishe, au liendeshe siku tatu kwa wiki.

Injini ni 1KR-FE, silinda tatu. Inatumia cheni ya taiming, hivyo hakuna mkanda wa taiming wa kubadilisha kila baada ya kilomita 100,000. Oili inaingia lita 3 hivi pamoja na filta, maana yake galoni ya lita 4 inakuachia akiba ya kuongezea. Nunua 5W-30. Mafundi wengi watataka kuweka 20W-50 "kwa sababu ya joto letu", na matokeo yake ni injini nzito na mafuta yanayokwisha mapema.

Mtetemo kidogo gari likiwa sailensi (limesimama, injini inawaka) ni tabia ya silinda tatu. Ila ukiweka D huku umekanyaga breki, usukani ukatikisika, kisha ukatulia ukirudisha N, shuku maunti (vishikio vya injini) au throto (mlango wa hewa ya injini) chafu. Kama linatetemeka hata kwenye N na nguvu imepungua sana, huenda silinda moja haichomi. Kati ya tatu, umepoteza theluthi nzima. Usinunue koili, inayoipa plagi umeme, kwa kubahatisha. Hamisha koili ya silinda inayosumbua upeleke kwa jirani yake: tatizo likihama nayo, koili imekufa, likibaki, angalia plagi kwanza.

Wota pampu, inayozungusha kulanti (maji ya kupoza injini), ndiyo sehemu ya kuchungulia kwa tochi. Tafuta utando mkavu wa pinki au mweupe upande wa mikanda. Hiyo ni kulanti iliyovuja ikakauka, na muuzaji anayeongezea maji ya bomba kwenye rejeta atakuambia ni vumbi.

Kuhusu toleo: la 2004 hadi 2010 lina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne, la 2010 hadi 2016 lina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT inabana mafuta, lakini ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida inaharibika, na giaboksi moja inameza akiba ya mwaka. Kwa bajeti hii tunachagua la kwanza lililotunzwa. Matoleo ya kuanzia 2014 yenye mfumo wa injini kujizima gari likisimama kwenye taa za barabarani yanataka betri maalumu. Ya kawaida haidumu humo.

Kuagiza mwenyewe kunavutia, kwani injini isiyozidi cc 1,000 haina ushuru wa bidhaa, wakati ya cc 1,001 hadi 2,000 inalipa asilimia 5. Ila gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 kwa ajili ya umri, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Namba D (gari lililosajiliwa nchini kwa namba za herufi D) iliyokwisha kulipiwa ushuru inamfaa zaidi mwenye madeni.

Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki. Kosa moja ni 30,000, na deni linafuata gari. Fanya hivyohivyo kwa madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Linganisha namba ya chasisi na kadi, na udai kadi halisi, kwa sababu kopi mara nyingi maana yake ni kwamba kadi imewekwa dhamana mahali. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkataba upite kwa wakili, kisha uhamisho wa umiliki ufanywe TRA (mamlaka ya mapato), na anayegharamia ushuru wa stempu atajwe humo.

Mikopo ya kuweka kadi ya gari dhamana, yenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hatuipendekezi kabisa. Milioni 3 inakutaka 300,000 kila mwezi bila kupunguza hata shilingi ya deni lenyewe. Yadi za kulipa kidogo kidogo zina nafuu kiasi, lakini uliza mambo matatu: kadi itasoma jina la nani, ukichelewa siku ngapi wanalichukua, na wakilichukua ulichokwisha kulipa kinakwenda wapi. Majibu yawe kwenye karatasi. Na bima kubwa watakayokulazimisha huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, ambayo kwa Passo ya milioni 9 ni 315,000 kabla ya VAT, badala ya ile 118,000 uliyoiweka kwenye hesabu.