Rivyu ya mashine ya KIEMS: nyota nne kwa mashine, mbili kwa ulinzi wake

Watu wangu wa Kisumu na Western kwa jumla, uchaguzi mkuu wa Kenya ni 10 Agosti 2027 na mabishano ya "mashine zitaiba kura" yashaanza huku mtaani, so wacha niirivyu hii KIEMS, mashine ya uchaguzi, venye watu hurivyu simu, juu kila mtu ako na maoni lakini ukimuuliza hiyo mashine hufanya nini hasa anaanza kuzungusha.

Kwanza haipigi kura. Kura ni karatasi, sita, masanduku sita, peni yako na macho yako. KIEMS ni tableti yenye kisoma vidole: karani anaskani kitambulisho, unaweka kidole, sura yako inatokea kwa skrini, unapewa karatasi. Jioni mkishahesabu, msimamizi wa kituo anajaza fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, kwa mkono, tableti inaipiga picha na kuituma.

Kutambua watu naipa tano bila kufikiria. 2022 pale kituoni kwetu Manyatta laini ilikuwa inasonga poa kabisa, na waliopiga kura 2013 wanakumbuka laptopu zilizokufa betri saa tatu asubuhi kwa madarasa hayana hata soketi. Ugumu uko kwa vidole vyenyewe. Wavuvi wa Dunga, watu wa kukata miwa Muhoroni, mafundi wa jua kali pale Kibuye, kidole kimelika hadi mashine inakiona tu kama ngozi. Sasa hapo usiende nyumbani! Karani anakutafuta kwa namba ya kitambulisho, fomu 32A inajazwa maajenti wakiona, unapiga kura yako. Kuna mzee alikuwa ashaanza kutoka akidhani amekataliwa, vijana wakamwita "jaduong' rudi", akarudi akapiga. Hiyo kitu ingetangazwa kwa redio za Kiluo na Kiluhya kila siku mwezi mzima kabla ya uchaguzi.

Kutuma matokeo, nne. Tumetoka mbali bana. 2013 kura zilizoharibika zilikuwa zinazidishwa mara nane kwa skrini ya Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura Nairobi, na nchi nzima tunatazama tu. 2017 mashine zikawa hizi mpya za kampuni ya Ufaransa, Safran, lakini Mahakama ya Juu ikataka sava zifunguliwe, tume ya uchaguzi, IEBC, ikafungua nusu nusu, na 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. 2022 ndio wakajanjaruka, picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 zikawekwa mtandaoni, yeyote mwenye bando anajijumlishia. Tulijumlisha wengi, kulala hatukulala. Na kesi ya kupinga matokeo ya rais ilipofika kortini zile picha zikalinganishwa na fomu zenyewe, zikaoana, 5 Septemba majaji wakamaliza. Kama mtu wangu alishinda au alishindwa hiyo ni stori ingine, naongea juu ya mashine.

Nyota moja naitoa kwa mashine nzima juu vifaa vingi vilivyotumika 2022 vilikuwa vya 2017, na sehemu za Kakamega vilikataa kabisa hadi wakarudia daftari la karatasi.

Sasa ulinzi, nani huikagua hii mashine? Hapa ndio nakunja uso. Kanuni za teknolojia za 2017 zinataka ijaribiwe na ikaguliwe kabla ya kutumika, sawa, lakini anayenunua ni IEBC, anayeitunza ni IEBC, anayepanga majaribio ni IEBC, na mkaguzi wa daftari la wapiga kura, kama kampuni ya ukaguzi KPMG ile 2022, anaajiriwa na IEBC. Ni mwenye matatu kujibandikia stika ya inspekshen. Kule Marekani baada ya balaa la kuhesabu kura Florida 2000 walitunga sheria 2002 wakaunda tume inaitwa EAC (Election Assistance Commission, si ile jumuiya yetu), inaweka viwango na kupitisha maabara za kupima mashine, ingawa jimbo halilazimishwi kufuata, kila moja linaamua. Si dawa ya kila kitu, lakini anayepima si yule anayeendesha uchaguzi. Huku kwetu mkaguzi wa kweli amekuwa korti, na korti hufika watu washapiga kura na wengine washapigwa.

Na hata huyo IEBC mwenyewe, kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 hakukuwa na mwenyekiti wala makamishna. Watu wa Ugunja walikaa zaidi ya mwaka bila mbunge wakingoja tume iundwe, wakapiga kura Novemba 2025 pamoja na Malava na Kasipul. Ndio maana ulinzi naupa nyota mbili.

Mkiniuliza sana mashine ndio inatusumbua kidogo zaidi. Uchaguzi wa gavana Kakamega na mbunge Rongai huko Nakuru uliahirishwa 2022 hadi 29 Agosti kwa sababu ya karatasi za kura zilizochapwa vibaya, zimetoka Ugiriki hivyo, hakuna tableti iliguswa. Nani alikuwa anaangalia hizo karatasi kabla zipakiwe?

Kwa wale hamjajisajili, beba kitambulisho orijino ama pasipoti, kopi hawachukui. Na siku yenyewe fomu 34A ikibandikwa mlangoni ipige picha, halafu linganisha na ya mtandaoni, ikitofautiana hata kwa tarakimu moja mpelekee ajenti kabla hajalala.