Miezi minane na esbuild: kufunga komponenti za React kwa ajili ya seva

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Mwanangu, mteja akifungua tovuti yetu kwenye simu anaona weupe. Anasubiri, weupe tu. Mwisho anaifunga, anavuka barabara, ananunua kwa jirani." Huyu ni mzee mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Gerezani, Kariakoo, na tovuti yenyewe nilimjengea mimi.

Alikuwa na haki. Tovuti ilikuwa ya React, maktaba ya JavaScript inayojenga ukurasa kwa vipande viitwavyo komponenti, na kazi yote ilifanyika kwenye kivinjari. Simu inapokea ukurasa wenye kisanduku kimoja kitupu, inasubiri faili la JavaScript lishuke lote, ilisome, iliendeshe, ndipo bei ya cheni ionekane. Kwenye laptopu yangu hilo halionekani. Kwenye simu ya bei nafuu ya dereva wa bodaboda, mtandao ukiwa unasuasua na bando likiwa linaelekea ukingoni, linaonekana sana.

Dawa yake inajulikana: ukurasa uchorwe kwenye seva. Seva inaziendesha komponenti zile zile, inatoa HTML iliyokwisha kujaa bei na picha, na mteja anasoma hata kabla JavaScript haijafika. Ikifika, inaushika ukurasa ule ule na kuuhuisha, vitufe vianze kuitika. Kikwazo ni kwamba Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, haiwezi kulisoma faili la TSX lilivyo, lenye alama za HTML katikati ya msimbo, na ndani yake limeagiza picha na CSS. Lazima kuwe na fundi wa kukusanya komponenti hizo, kuzitafsiri na kuzifunga furushi moja ambalo Node inalielewa, halafu azifunge upya furushi la pili kwa ajili ya kivinjari. Fundi niliyemchagua ni esbuild. Nimeitumia miezi minane, karibu kila siku ya kazi, na naipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Kwanza kasi, maana ndiyo iliyoipa jina. esbuild ilitengenezwa na Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wa Figma, ikatoka hadharani mwaka 2020. Imeandikwa kwa lugha ya Go, siyo JavaScript, na inatumia viini vyote vya kompyuta kwa pamoja. Kwenye majaribio yaliyomo katika tovuti yao, kazi inayoichukua esbuild chini ya nusu sekunde inaichukua webpack 5, programu nyingine ya kufunga mafurushi (bandla), zaidi ya sekunde 40. Mradi wangu si mkubwa kiasi hicho, ila laptopu yangu ni ya zamani, RAM GB 8, na bandla niliyokuwa nayo kabla ilinipa muda wa kuinuka na kumimina chai kila nilipobadilisha mstari. Sasa nikihifadhi faili, kabla sijahamisha macho kwenda dirisha la pili, mafurushi yote mawili yapo tayari. Hili limebadilisha namna ninavyofanya kazi. Najaribu vitu vidogo vidogo ambavyo zamani nilivikusanya vitano ndipo nivijaribu, halafu kikiharibika kimoja sijui ni kipi.

Kuiweka nako ni kwepesi. Haiburuti msururu wa vifurushi nyuma yake. Ni programu moja ya karibu megabaiti 10 na basi. Kwa sisi tunaolipia kila megabaiti, hiyo ni sifa ninayoitaja kwa moyo wote.

Amri zangu mbili ndizo hizi. Nimeziacha bila machaguo ya picha ili zisomeke:

npx esbuild src/kurasa.tsx --bundle --platform=node --jsx=automatic --packages=external --outfile=dist/kurasa.js

npx esbuild src/kivinjari.tsx --bundle --minify --jsx=automatic --splitting --format=esm --outdir=public/js

Zitazame vizuri, kwa sababu uzuri wote wa kifaa hiki na mitego yake yote imo humo. Komponenti ni zile zile, lakini kila upande una maelekezo yake. Ukiandika --platform=node, esbuild inaelewa kwamba vitu kama fs na path vipo tayari ndani ya Node, haihangaiki kuvifunga. Usipoiambia kitu, inadhani furushi ni la kivinjari.

Sasa lile --packages=external, ambalo mwanzoni sikuliweka. Bila hilo, esbuild inachukua kila maktaba iliyoagizwa na komponenti zako, React ikiwemo, na kuitia ndani ya furushi. Kwa kivinjari ndicho unachotaka. Kwa seva nikapata kosa lililonikesha: "Invalid hook call", na chini yake mstari unaosema useState, kitendo cha React cha kutunza hali ya komponenti, imetafutwa ndani ya null. Nilizikagua komponenti zangu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa, na kwenye kivinjari ziliendelea kufanya kazi bila neno.

Chanzo kilikuwa React mbili. Seva yangu ni faili dogo la JavaScript la kawaida, halifungwi. Lenyewe lilikuwa linaagiza react-dom/server, sehemu ya React inayochora kurasa kwenye seva, kutoka node_modules, folda ya maktaba, na hiyo inatumia React iliyomo humo humo. Furushi la kurasa nalo lilikuja na React yake tumboni. Chukua mfano wa duka lenye madaftari mawili ya madeni. React inapoanza kuchora ukurasa, inaandika kwenye daftari nani anashughulikia hooks (useState na wenzake) kwa wakati huo. Mchoraji aliandika kwenye daftari la node_modules. Komponenti yangu ilipoita useState ilifungua daftari lililomo ndani ya furushi, ikakuta ukurasa mtupu. Madaftari yanafanana jalada hadi karatasi, lakini deni limeandikwa kwenye moja tu. Kwa --packages=external maktaba zote zinabaki nje, furushi linabeba msimbo wangu peke yake, na pande zote zinasoma daftari moja. Niliongeza chaguo hilo, nikawasha seva upya, bei zikatoka.

Gharama yake ni kwamba seva lazima iwe na node_modules yake. Hapo nitoe tahadhari: usiifunge folda hiyo kwa zip kwenye Windows ukaifungulie Linux. esbuild ni programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya kila mfumo, na itakukatalia, tena kwa ujumbe unaokueleza wazi kwamba umeiweka kwa mfumo mwingine. Mimi nafunga mafurushi kwenye laptopu, napeleka mafurushi tu, na kwenye seva naweka maktaba za kuendeshea peke yake. esbuild yenyewe haihitajiki kule.

Mtego wa pili uko kimya zaidi. React imebeba sura mbili: moja ya kutengenezea, iliyojaa ukaguzi na maonyo, na nyingine ya kazi, nyepesi. Inachagua kwa kutazama process.env.NODE_ENV. Kwenye furushi la kivinjari esbuild inakujazia yenyewe. Ukiwa umeweka --minify inaandika production, usipoweka inaandika development. Kwenye furushi la Node haigusi, kwa sababu Node ina process yake ya kweli. Ni uamuzi sahihi, na umeandikwa kwenye maelezo yao. Lakini mimi nilidhani pande zote zinafanana, kwa hiyo kwa wiki mbili seva yangu ndogo ya kukodi, yenye RAM GB 1, ilichora kila ukurasa kwa React ya kutengenezea. Tovuti haikuanguka wala haikutoa kosa; ilikuwa nzito tu, hasa jioni wateja wanapokuwa wengi. Mstari mmoja kwenye faili la systemd, programu ya Linux inayoiwasha seva yangu, Environment=NODE_ENV=production, ukamaliza. Kama unasoma haya na una seva inayochora React, kaitazame yako leo.

Picha hazikunisumbua. Ukiiambia kwamba .png ishughulikiwe kama faili, inaipa kila picha jina lenye alama inayotokana na yaliyomo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo seva na kivinjari hufikia jina lile lile bila kuambiana. Hakikisha tu --public-path ni moja pande zote. CSS ya maktaba ya nje ndiyo iliyonitoa jasho: maktaba ya ramani ninayotumia kuonyesha duka lilipo ina faili lake la CSS, na kwa kuwa maktaba zote zimebaki nje, Node ikajikuta inaulizwa isome CSS kama vile ni JavaScript. Nililihamishia agizo hilo kwenye kivinjari.tsx. Maktaba yenyewe naiita ndani ya useEffect, ambayo haiendeshwi kamwe upande wa seva, maana ikiguswa tu inatafuta window na kwenye seva hakuna window.

Chaguo ninalolipenda kuliko yote ni --analyze. Linakuchapishia kwenye terminali nini kimekaa ndani ya furushi, kizito kikiwa juu. Mara ya kwanza nilipoliendesha nikamkuta lodash, maktaba ya vitendo vidogo vidogo, amejaa tele kwenye furushi la kivinjari, karibu kilobaiti 70, na mimi nilikuwa nimeagiza debounce peke yake, kitendo cha kuzuia kazi isirudiwe mfululizo. esbuild inajua kukata msimbo usiotumika ukiwa umeandikwa kwa import na export za kisasa, lakini maktaba iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani wa require inaingia nzima. Niliandika debounce yangu, mistari tisa.

Vitu isivyofanya navyo uvijue kabla. Haikagui aina za TypeScript. Inazifuta na kuendelea. Ukiandika bei kama maneno mahali panapotakiwa namba, itafunga furushi kwa furaha ile ile. Mimi naendesha tsc --noEmit, mkaguzi wa TypeScript yenyewe, kabla ya kila kupeleka, na likikataa, hakipelekwi kitu. Haina namna ya kubadilisha komponenti ndani ya ukurasa ulio wazi bila kupoteza ulichokuwa umejaza. Inaweza kuupakia ukurasa upya tu. Kugawa furushi vipande, lile --splitting, kunafanya kazi kwa muundo wa esm (ule wa import na export) pekee, na wenyewe wameandika kwamba bado kunaendelea kujengwa. Hapo ndipo nusu nyota ilipobaki. Pia namba ya toleo bado inaanza na 0, kwa hiyo weka toleo kamili kwa --save-exact, usiiache ijipandishe yenyewe.

Na yapo makosa ambayo bandla yoyote haiwezi kukuokoa nayo. Juu ya ukurasa tuna kibao kinachosema "Tumefungua" au "Tumefunga", kulingana na saa. Saa mbili asubuhi, mzee akiwa amekwisha kupandisha shata, seva iliyokuwa ikihesabu kwa saa za UTC ilijiona iko saa kumi na moja alfajiri, ikachora "Tumefunga". Simu ya mteja ilipouhuisha ukurasa ikasema "Tumefungua". React ikalalamika kwamba maneno hayalingani na yale ya seva, na kibao kikarukaruka mbele ya macho ya mteja. Sasa saa inapangwa kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam pande zote, na jibu linahesabiwa kwenye seva mara moja na kutumwa pamoja na ukurasa.

Nani aichukue? Wewe mwenye seva yako tayari, iwe ya Express au nyingine yoyote, unayetaka kuchora komponenti zako bila kuhama nyumba nzima, na uko tayari kuelewa kila chaguo unaloliandika. Kama timu ni kubwa, kurasa ni mamia, na hakuna mwenye muda wa kushika nyaya hizi kwa mkono, nendeni Next.js, mfumo wa React uliokwisha kuyapanga haya, au mtumie Vite, ambayo kwa miaka mingi iliitumia esbuild hii hii ndani yake. Kwangu mimi, fundi mmoja mwenye wateja watano, amri mbili ninazoweza kuzisoma kwa sauti zina thamani kuliko faili la mipangilio la mistari mia tatu.

Wiki iliyopita nilipita Gerezani. Kijana wa bodaboda alikuwa kaegemea kaunta, simu mkononi, kafungua ukurasa wa cheni. Bei ilitokea mara moja, pamoja na picha yake. Akabonyeza "Weka kwenye kapu". Kimya. Akabonyeza tena, na mara ya tatu kikaitika. HTML ilikuwa imefika, JavaScript ilikuwa bado njiani, na kitufe changu hakina kazi yoyote mpaka ifike. Naligeuza kapu liwe fomu ya kawaida ya HTML inayotumwa kwa seva, ili kidole cha kwanza kihesabike hata kama furushi la kivinjari halijashuka.