Xfce kwenye kompyuta za steshenari yetu Tabora: nyepesi, ila ina kasoro ya kurithi

Kwa mwaka mzima sasa kompyuta tatu za steshenari yetu, karibu na stendi hapa Tabora mjini, zinatumia mfumo endeshi wa Linux wenye mazingira ya Xfce 4.16, yaani programu zinazoleta madirisha, menyu na mipangilio unayoiona kwenye skrini, na kwa mashine zenye RAM ya GB 2 sijapata kitu chepesi kuliko hicho. Kasoro ninayoilalamikia haikuanzia kwa watengenezaji wa Xfce, na ndiyo maana inaniuma zaidi.

Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa akimjazia mwanawe fomu ya kurasa nne. Alipofika chini ya ukurasa wa kwanza akaniita: “Kaka, mbona fomu imeishia hapa?” Gurudumu la kipanya chake limekufa siku nyingi, na pembeni mwa dirisha hapakuwa na kitu cha kushika, kwa sababu mwambaa wa kusogezea kurasa hujificha mpaka kipanya kisogezwe, kisha hutokea mwembamba kama uzi, na mkono usiozoea haukamati kitu.

Uamuzi huo uliingia mwaka 2015 katika toleo la 3.16 la GTK, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe ambayo ilizaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP na baadaye ikafuata zaidi mahitaji ya GNOME, mazingira mengine ya Linux kama Xfce. Xfce ilipohamia GTK 3, katika toleo la 4.14 la mwaka 2019, ilichukua na tabia hiyo, na mwishoni mwa 2020 toleo la 4.16 likaleta madirisha ya mipangilio yenye vitufe vilivyopandishwa kwenye kichwa cha dirisha, ambao nao ni mtindo wa GNOME. Wapo waliohamia Xfce baada ya GNOME 3 ya mwaka 2011 kuwapindulia mazoea yao. Sasa yale waliyoyakimbia yamewafuata kupitia maktaba, bila wao kuulizwa.

Toleo la 4.18 limeruhusu kuzima vile vichwa vya madirisha, nami nalishukuru. Kuhusu mwambaa, tuliandika GTK_OVERLAY_SCROLLING=0 katika faili la /etc/environment, tukatoka na kuingia upya, nao ukabaki wazi muda wote kwenye programu za GTK 3. Ninaipendekeza Xfce kwa steshenari yoyote yenye mashine za zamani, ila fundi auandike mstari huo kabla mteja wa kwanza hajakaa.